Mzigo Mzito Apewe Nani?

"Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Ndivyo walivyosema watu wa pwani tangu enzi za misafara, na ndivyo tusemavyo hata leo, aghalabu kwa utani. Lakini msemo huu, ukiutazama kwa makini, ni zaidi ya utani. Ni tangazo la kazi, tena fupi kuliko matangazo yote. Lamtaja mtu anayetakiwa, laitaja kazi yake, na lamhukumu kabla hajaulizwa neno: maadam umetoka Unyamwezi, wewe ni bega. Kama mtu huyo aijua njia, au ajua kugawa posho watu wakaridhika, au ajua kusuluhisha ugomvi kambini, hayo tangazo halikuyauliza.

Tumeukumbuka msemo huo kwa sababu ya jambo la leo. Kijana wa Tabora atafutaye kazi haendi tena kukaa chini ya mwembe kungojea msafara. Afungua simu. Humo hukuta mbao za ajira za mtandaoni: zile za Serikali, zile za makampuni, na yale makundi ya WhatsApp ambayo hayajulikani mwenyewe. Waajiri nao huenda huko huko. Na waajiri hao hawataki leo kile walichokitaka miaka kumi iliyopita. Basi swali ni hili: mahitaji ya waajiri yanapobadilika, mbao hizi nazo zibadilike vipi?

Wengi hujibu kwamba zimfuate mwajiri tu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kazi. Sisi twaona jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili yaonekana katika historia ya barabara ya kale ipitayo Tabora, ambayo imeona namna nyingi za kuajiri watu zikija na kuondoka. Historia hiyo yatuonya kwamba chombo cha kuajiri chaweza kumtii mwajiri kwa kila jambo, na bado kikawadhuru watu, na mwisho kikamdhuru hata mwajiri mwenyewe.

SOKO LA UNYANYEMBE

Katika karne ya 19 Unyanyembe palikuwa ndipo penye soko kubwa la kazi katika bara letu hili la mashariki. Hapo barabara itokayo Bagamoyo ilikutana na ile iendayo Ujiji, na nyingine iliyopanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Misafara mingi iliyotoka pwani ilivunjika hapo: wapagazi walipokea haki yao na kwenda zao nyumbani, na mwenye msafara aliyetaka kuendelea mbele alilazimika kutafuta wengine. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, yaliwakuta hayo hayo. Walikaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuondoka tena.

Je, mwenye msafara alimjuaje mtu wa kumwajiri, naye hana karatasi wala cheti? Alimjua kwa watu. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, ambaye wenzake walimkubali kwa sababu aliijua njia na desturi zake. Aliyekwisha kwenda pwani na kurudi mara mbili au tatu alijulikana. Na aliyeutupa mzigo porini akatoroka naye alijulikana. Kijana wa Kinyamwezi aliihesabu safari ya pwani kuwa ni kipimo cha utu uzima wake. Sifa ya mtu ilikuwa kazi aliyokwisha kuifanya, na mashahidi wake ni wale waliolala naye kambi moja.

Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006 juu ya wapagazi wa nchi hizi, ameonyesha kwamba wengi wao katika barabara hii walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walikuwa na desturi zao juu ya uzito wa mzigo, mwendo wa siku, posho ya njiani na malipo. Mwajiri aliyezivunja desturi hizo aliamka asubuhi akakuta mizigo imekaa chini na wachukuzi hawapo. Tena walikuwa na majira yao: mvua za kupandia zikikaribia, jembe lilitangulia. Mwajiri alijua kwamba soko lile lina pande mbili.

Baadaye mahitaji yakabadilika. Wazungu wa misheni na wa upelelezi walikuja wakitaka watu mamia kwa mara moja, na mizigo yao haikuwa nguo na shanga tu. Mwaka 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo akiwa na mashua nzima iliyotenganishwa vipande ili ichukuliwe na watu. Mwajiri mgeni, asiyemjua yeyote na mwenye haraka, alihitaji mtu wa katikati. Ndipo wafanyabiashara wa Bagamoyo kama Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, walipopata biashara kubwa ya kuwakusanyia wageni wapagazi. Hapo twaona jambo la kwanza la kukumbuka: mwajiri akitaka watu wengi upesi, naye hana njia ya kuwajua, faida humwendea dalali.

MTU ALIPOKUWA NAMBA

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo ukaondoka begani ukapanda behewani. Lakini tayari alikuwapo mwajiri mwingine, naye ni shamba la mkonge. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukastawi Tanga na kandokando ya reli, na ulihitaji mikono isiyo na hesabu. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ambayo wananchi waliizoea kwa jina la SILABU. Watu wa magharibi, Wanyamwezi na Waha na wengineo, walikusanywa, wakapimwa na daktari, wakasafirishwa kwa treni na malori mpaka shambani kwa mkataba. Kila mmoja alikuwa na namba yake, na kwa ajili ya namba hiyo wakaitwa manamba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30, ambayo ilibidi ijae alama ndipo mwenyewe alipwe.

Tuseme kweli: kwa upande wa mwajiri, chombo kile kilifaa. Alitaka idadi, akapewa idadi. Alitaka watu wa mbali wasioweza kurudi nyumbani jioni, akapewa. Hakuna ubao wa ajira wa leo uliopata kumridhisha mteja wake kuliko ofisi ile. Lakini kitu gani kilipotea? Alipotea kirangozi. Mtu aliyeweza kuongoza watu hamsini porini aliandikwa namba sawa na yule aliyetoka nyumbani jana, na hapakuwa na mahali pa kuandika alichokijua.

Hasara ya jambo hilo haikuchelewa kuonekana. Mwaka 1947 ulipoanza mradi mkubwa wa karanga, ambao Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu zake, mwajiri hakuhitaji mikono tu. Alihitaji madereva wa matrekta na mafundi wa mitambo, na ilibidi watu wafundishwe kazi hizo papo hapo. Mradi ule uliachwa mwaka 1951, kwa sababu nyingi za ardhi, mvua na mitambo, ambazo si kazi yetu kuzieleza hapa. Lakini kwa habari ya ajira funzo lake ni moja: orodha ya namba humpa mwajiri watu wa jana. Siku anapohitaji ujuzi, orodha ile ni bubu.

MWAJIRI WA LEO ATAKA NINI?

Sasa tutazame siku zetu. Katika mapito yale yale ya misafara, kazi kubwa zimerudi. Reli ya kisasa imepangiwa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368. Kutoka Tabora hadi Isaka, kilomita 165. Na kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ambako mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, litokalo Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, limepitishwa katika mkoa huu, na kiwanda cha kuyafunika mabomba yake kwa kinga ya joto kilizinduliwa Machi 2024 huko Sojo, wilayani Nzega.

Mwajiri wa kazi za namna hii hatafuti karani wa kukaa naye miaka 30. Atafuta mchomeleaji wa kuungia mabomba, dereva wa winchi, fundi umeme, mpimaji wa ardhi na msimamizi wa usalama kazini. Pengine kwa miezi minane, pengine aanze wiki ijayo. Naye mnunuzi wa tumbaku wa Urambo au Kaliua ana msimu wake, na huhitaji watu wajuao kupanga majani kwa madaraja. Lakini mbao zetu nyingi za ajira bado zina sura moja ya mwombaji: shahada, barua, nakala za vyeti, na mistari miwili ya "uzoefu."

Twaona mahitaji matatu mapya ya mwajiri. La kwanza ni kuchagua katika gharika. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walizidi 100,000. Zamani kazi ya ubao ilikuwa kumletea mwajiri waombaji. Leo waombaji wanamfurika, naye ataka kusaidiwa kuwatambua wanaofaa.

La pili ni uaminifu. Mwaka 2017 uhakiki wa Serikali uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tangu hapo kila mwajiri mwenye akili huuliza kwanza: karatasi hii ni ya kweli? Na sasa, ambapo akili mnemba yaweza kumwandikia mtu yeyote barua ya maombi iliyo safi kwa dakika moja, barua nzuri haimthibitishi tena mwandishi wake.

La tatu ni ujuzi wenyewe. Mwajiri ataka kujua mtu aweza kufanya nini, si alikaa darasa gani tu.

Ubao usioyaona mabadiliko haya hufa, hata ukiwa mkubwa. Nchini Marekani ubao wa Monster ulianzishwa mwaka 1994, ukawa miongoni mwa mbao zenye nguvu kupita zote duniani. Waajiri wakaanza kwenda kwingine: kwa Indeed, inayokusanya matangazo ya kila mahali, na kwa LinkedIn, ambako mtu aonekana pamoja na kazi zake na watu wanaomjua. Monster ukaunganishwa na mwenzake CareerBuilder mwaka 2024, na Juni 2025 kampuni hiyo ya pamoja ikaenda mahakamani kuomba hifadhi ya mufilisi. Ubao wa kubandika matangazo na kupokea bahasha ulipitwa na wakati.

MAMBO YA KUFANYWA

Basi mbao zetu zifanyeje? Kwanza, zimrudishe kirangozi. Tuchukue mfano wa kijana wa Nzega aliyejifunza kuchomelea katika gereji ya mjomba wake kwa miaka sita. Hana cheti, lakini mageti ya nusu ya mtaa ni kazi ya mikono yake. Katika fomu ya leo kijana huyo hayupo. Na dawa yake ipo: VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mtu akifaulu hupewa cheti. Mbao za ajira ziupe ujuzi huo nafasi ya mbele katika fomu zao: kazi alizozifanya, picha za kazi hizo, kipimo cha VETA, na majina ya mafundi wawili walio tayari kumshuhudia. Hapo mwajiri apata anachokitaka leo, na kijana aonekana. Huo ndio ushahidi wa kambini, uliovikwa nguo mpya.

Pili, uhakiki ufanywe na mifumo yenyewe, mapema, mara moja. Vyeti vya shule vina baraza lake, na vitambulisho vina mamlaka yake. Si haki mtu ahakikiwe upya, kwa nauli yake, katika kila ombi. Lakini anayekusanya habari za watu akumbuke kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya kitambulisho cha mwombaji si bidhaa ya kuuzwa.

Tatu, tangazo liwe na pande mbili kama lilivyokuwa soko la Unyanyembe. Mpagazi hakuinua mzigo kabla ya kujua uzito wake, mwendo wake na posho yake. Kwa nini kijana wa leo aombe kazi asiyotajiwa mshahara, wala mahali, wala muda wa mkataba? Ubao usipokee tangazo lisilo na mambo hayo. Tena mwajiri atoe jibu kwa kila mwombaji, japo la neno moja. Mwajiri anayesema wazi kwamba kazi ni ya miezi minane, Sojo, kwa ujira huu, atapunguza mwenyewe gharika inayomsumbua, kwa kuwa asiyeitaka hataiomba.

Nne, mbao ziwafuate watu walipo. Tumewaona vijana karibu na stesheni ya Tabora wakikaa foleni katika duka la steshenari, wakimlipa mwenye kompyuta awajazie fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu. Mwenye kompyuta hana kosa. Anatafuta riziki yake. Lakini mlango wa ajira ukihitaji dalali wa kuufungua, tumerudi Bagamoyo ya miaka ya 1890. Fomu ziwe za Kiswahili, zipokelewe hata kwa ujumbe wa simu ndogo, na nafasi za Nzega zitangazwe Nzega: katika ofisi za kata, katika redio za mikoa, na katika vyuo vya ufundi.

Tano, mtafuta kazi asitozwe. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa kwa mambo machache yenye idhini maalumu. Kila kundi la simu linaloomba "ada ya fomu" au "fedha ya usaili" lihesabiwe kuwa ni mtego. Mbao zilizo halali ziseme hivyo juu ya kila ukurasa, kwa maandishi makubwa.

HADHARI YA MASHINE

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Kwa sababu ya ile gharika ya waombaji, waajiri wengi duniani huiachia mashine kazi ya kuchambua majina. Hatupingi mashine, hakuna binadamu awezaye kusoma maombi 100,000 kwa haki. Lakini sharti tujue mashine hujifunza wapi. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba kampuni ya Amazon ilikuwa imeunda programu ya kuchagua waombaji, kisha ikaiacha. Programu hiyo ilifundishwa kwa maombi ya miaka kumi iliyopita, ambayo mengi yalikuwa ya wanaume. Nayo ikajifunza kuwashusha wanawake.

Ndugu msomaji, huo si ugeni kwetu. Mashine ile ilifanya kile kile kilichofanywa na msemo wetu wa kale. Ilitazama nani alibeba mzigo jana, ikasema huyo huyo ndiye wa kubeba kesho. Tukiziachia mbao zetu zichague kwa desturi ya jana, binti wa Sikonge aliyesomea umeme hataitwa, kwa kuwa jana mafundi umeme walikuwa wanaume. Na kijana wa Uyui hataitwa kwa kazi ya ofisi, kwa kuwa jana watu wa kwao waliitwa kwa kazi ya bega. Kwa hiyo kila uamuzi wa mashine uwe na mtu wa kuukagua, na mwombaji awe na haki ya kuuliza kwa nini aliachwa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mzigo kwa mwajiri, na kwamba soko likiachwa litajirekebisha lenyewe. Twawajibu kwa historia. Soko lilikwisha kujirekebisha katika barabara hii, na likatuletea manamba. Halikujirekebisha kwa faida ya mpagazi mpaka mpagazi mwenyewe alipoweka mzigo chini. Katiba yetu, katika ibara ya 22, imesema kwamba kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Haki hiyo haiwezi kukaa katika karatasi ya Katiba peke yake wakati mlango wake umehamia katika simu. Serikali iusimamie mlango huo, waajiri wauheshimu, na vijana nao waandike ukweli wao, kwa maana ushahidi wa uongo huwafungia mlango wenzao.

Reli mpya ikikamilika, treni itapita Tabora kwa mwendo ambao kirangozi hakupata kuuota. Safari iliyomchukua miezi itakuwa ya saa. Lakini swali lililokuwapo chini ya miembe ya Unyanyembe litabaki pale pale, likingojea jibu la haki: mzigo mzito apewe nani? Sisi twasema apewe anayeujua, baada ya kuulizwa anajua nini, na baada ya kuambiwa uzito wake na malipo yake. Akiwa Mnyamwezi, na iwe kwa ujuzi wake.